Kushika na Kuachia: Molekuli za Mshikamano wa Seli katika Uvamizi na Usambaaji wa Saratani

Mada kwa matabibu, wauguzi na wataalamu wa maabara wa wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoa wa Kagera



Kichwa cha mada niliyopewa ni kizito, na najua baadhi yenu mmejiuliza kinawahusu nini ninyi ambao darubini yenu kutwa nzima inatafuta vijidudu vya malaria. Jibu langu ni kwamba uvimbe uliotulia mahali pake kwa kawaida haumuui mtu. Mpasuaji anautoa, mgonjwa anapona kidonda, anarudi shambani. Wagonjwa wengi wa saratani wanauawa na ule uvimbe usiotulia: unaovamia jirani yake, kisha ukahamia mbali. Saratani ya mlango wa kizazi inabana mirija ya mkojo mpaka figo zinakufa. Ya titi inakwenda kukaa kwenye pingili za mgongo. Ya tezi dume inamleta babu kwenu akilalamika nyonga, wala hataji mkojo. Kuvamia na kuhama huko, ukivifuata hadi kwenye seli, ni habari ya nani kamshika nani, kwa nguvu gani, na amemwachia lini.

Kwa miaka mingi wanafunzi wa tiba wamefundishwa kwamba seli ya saratani ni seli iliyopoteza gundi. Hiyo ni nusu ya habari, na nusu hiyo peke yake inapotosha. Seli inayofika mbali na kuota huko ni ile inayobadili mshiko: inaachia hapa, inashika pale, na mara nyingine inasafiri ikiwa bado imeshikana na wenzake. Hoja hiyo ndiyo nitakayoitetea asubuhi hii. Nitaonyesha pia inavyogusa kazi mnazozifanya kila wiki, yaani kupapasa uvimbe, kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kutumbukiza kinyama kwenye fomalini.

Vishikio vyenyewe

Seli za ngozi na za tabaka linalofunika viungo vya ndani, kama mlango wa kizazi, mirija ya maziwa, umio na utumbo, hukaa zimebanana. Kati ya seli na seli, kishikio kikuu ni protini iitwayo E-kadherini. Imepenya utando wa seli; upande wa nje inakamatana na E-kadherini ya seli jirani, na upande wa ndani imefungwa kwenye protini za kundi la katenini, ambazo nazo zimefungwa kwenye nyuzi za aktini zinazoipa seli umbo. Kwa hiyo seli mbili zikishikana, kinachoshikana si ngozi zake tu, ni kiunzi na kiunzi.

Mshiko huo hautegemei protini peke yake, unahitaji kalsiamu. Hilo lilidhihirishwa kuanzia miaka ya 1970 na Masatoshi Takeichi wa Chuo Kikuu cha Kyoto, ambaye ndiye aliyelipa kundi hili jina la kadherini. Wenzetu wa maabara wana ushahidi wake mkononi kila siku. Ile chupa ya damu yenye kifuniko cha zambarau ina EDTA, kemikali inayonyakua kalsiamu ili damu isigande. Maabara zinazootesha seli huitumia kemikali hiyohiyo kuzibandua seli kwenye chombo na kuziachanisha moja moja. Kalsiamu ikiondoka, mikono inalegea.

Chini ya tabaka la seli umetandazwa utando wa msingi, shuka jembamba la laminini na kolajeni. Seli ya chini kabisa inaushika kwa protini za kundi jingine, integrini. Kila integrini ni jozi ya minyororo miwili, alfa na beta, na aina ya jozi ndiyo inayoamua ishike nini: laminini, kolajeni au fibronektini. Na integrini haishiki tu, inatoa taarifa ndani ya seli. Ikiwa imeshika mahali inapostahili, seli inaambiwa iendelee kuishi. Ikikosa pa kushika, seli inaambiwa ife. Kifo hicho kilipewa jina la anoikisi mwaka 1994, nami nitakirudia baadaye kwa sababu kinajibu swali ambalo ndugu wa wagonjwa wa huku huliuliza sana.

Makundi mawili yaliyobaki nayapitia haraka. Selektini hushika sukari zilizo juu ya seli, mshiko mwepesi wa muda mfupi unaoziwezesha chembe nyeupe kubingirika kwenye ukuta wa mshipa kabla ya kutoka. Na lipo kundi lenye umbo la kingamwili, ambalo ndani yake yupo ICAM-1. Huyu mnamfahamu hata kama hamjawahi kutajiwa jina lake. Mtoto anayeletwa na degedege, damu imejaa *Plasmodium falciparum*, chembe zake nyekundu zenye vimelea zimenasa kwenye vimishipa vya ubongo, na tangu 1989 inajulikana kwamba moja ya vitu zinavyonasia ni ICAM-1 iliyoko kwenye ukuta wa mshipa. Kwa hiyo mtu wa Biharamulo aliyewahi kumhudumia mtoto wa malaria ya ubongo tayari ameshakutana na maradhi ya mshikamano wa seli.

Mfano wa nyumbani: uvimbe wa taya

Vitabu vingi vinapofundisha somo hili huanzia Ulaya au Marekani. Mimi naona hatuna sababu ya kwenda mbali, maana ng'ambo tu ya mpaka wa mkoa wetu, Hospitali ya Mulago mjini Kampala, ndiko Denis Burkitt alikokutana mwaka 1957 na mtoto mwenye uvimbe kwenye pembe zote nne za mataya. Mwaka 1958 aliandika kuhusu watoto kama huyo. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakachukua gari kuukuu na kusafiri zaidi ya kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakisimama kwenye hospitali za njiani kuuliza swali moja: uvimbe huu mnauona? Wakarudi na ramani. Ugonjwa ulifuata ukanda wa joto na mvua, ukakwepa nyanda za juu zenye baridi, yaani ulikaa palepale panapokaa malaria kali. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong waliona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo, na ndicho leo tunachokiita kirusi cha Epstein na Barr.

Habari hiyo wengi wenu mliisoma chuoni. Sehemu isiyosimuliwa sana ni iliyofuata. Kirusi hicho wanacho karibu watu wazima wote duniani, na mwili una chembe nyeupe aina ya T zinazoitambua na kuiua seli iliyoambukizwa. Ilikuwaje basi seli za uvimbe wa Burkitt, zenye kirusi ndani, zisiuawe? Mwaka 1988 watafiti wa Birmingham, Uingereza, wakiongozwa na Alan Rickinson, walitoa sehemu ya jibu: seli hizo zimepunguza sana ICAM-1 na kishikio kingine kiitwacho LFA-3. Chembe T, ili iue, lazima kwanza ishikamane na seli inayoilenga. Kishikio chake cha LFA-1 hutafuta ICAM-1, na CD2 hutafuta LFA-3. Ikikosa pa kushika, inapita tu.

Kwenye chupa ya kuotesha seli tofauti inaonekana hata kwa darubini ndogo. Seli za kawaida zilizoambukizwa kirusi hicho huota kwa mafungu, zimekumbatiana. Za Burkitt, zikiwa zimetoka tu kwenye uvimbe wa mtoto, huelea moja moja. Haikuwa sababu pekee, maana seli hizo pia huficha karibu protini zote za kirusi, lakini inatuonyesha kwamba kupunguza kishikio hakuisaidii seli kutoroka jirani tu, huisaidia pia kumkwepa askari. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mtoto mwenye taya lililovimba na meno yanayolegea, mkimpa antibiotiki za jino na kumwambia arudi baada ya wiki mbili, mmempa ugonjwa nafasi ambayo kwa saratani nyingine ingechukua miaka.

Seli inavyotoka

Sasa turudi kwenye saratani za tabaka za kufunika, ambazo ndizo nyingi kwa watu wazima. Mwaka 1991 maabara mbili, moja ya Ujerumani na nyingine ya Ubelgiji, zilifanya jaribio rahisi la kuvutia. Zilichukua seli za saratani zilizokuwa zikipenya kwenye kolajeni, zikazirudishia E-kadherini, na upenyaji ukakoma. Zilipoizuia tena, upenyaji ukarudi. Mwaka 2000 maabara za Madrid na Barcelona zilionyesha jinsi seli inavyoizima E-kadherini bila hata kuharibu jini lake: protini iitwayo Snail inakaa kwenye mlango wa jini hilo na kulinyamazisha. Ni protini ileile inayotumika kwenye kiinitete, wakati seli zinapotakiwa kuachana ili zikajenge viungo. Saratani haikubuni kitu kipya. Imeuamsha mpango wa zamani wa mwili wenyewe wakati usio wake.

Seli iliyolegea hubadilisha pia mikono yake. Inaongeza N-kadherini, inabadili jozi za integrini, na inatoa vimeng'enya vya kukata kolajeni mbele yake. Inapofika kwenye damu inajivika chembe sahani zilizonasa juu yake kwa msaada wa P-selektini, na joho hilo linaificha isionwe na kinga.

Vitabu hupenda kuieleza hatua hii kwa mfano wa mhamiaji haramu anayevuka mpaka. Sitautumia. Hapa Ngara, ambako mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 wakiokoa roho zao, mfano huo hauna adabu, na pia si sahihi: seli ya saratani haitoki kwingine, ni mwenyeji.

Mpaka hapo picha inaonekana safi: E-kadherini nzuri, kuipoteza vibaya. Ndipo matokeo ya miaka kumi hivi iliyopita yakaivuruga, na mimi nayapenda kwa sababu hiyo. Mwaka 2014 Nicola Aceto na wenzake walichunguza seli za saratani zinazozunguka kwenye damu. Nyingi zilikuwa moja moja, chache zilikuwa vifungu vya seli zilizoshikana. Kwenye panya, hivyo vifungu vichache vilikuwa na uwezo wa kuotesha uvimbe mpya mara 23 hadi 50 kuliko seli pekepeke, na kilichovishikamanisha ni plakoglobini, ndugu wa karibu wa katenini. Kisha mwaka 2019 maabara ya Andrew Ewald ya Johns Hopkins iliondoa E-kadherini kabisa kwenye seli za saratani ya mirija ya maziwa. Uvamizi uliongezeka, kama kila mtu alivyotarajia. Lakini seli zilizotoka zilikufa njiani, na uvimbe mpya mbali ukapungua.

Kwa maneno mengine, kuachia kabisa kunasaidia kutoka mlangoni na kunadhuru safarini. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama E-kadherini ni rafiki au adui, namuuliza: katika hatua gani, na kwenye saratani ipi?

Kuhusu wapi seli inakwenda kukaa, Stephen Paget alishaliona tatizo mwaka 1889 jijini London. Alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi, akakuta kwamba viungo havipatwi kwa bahati nasibu: ini lilijaa vivimbe, wengu ulikuwa na vichache mno, ingawa viungo vyote viwili vinapata damu. Akaandika juu ya mbegu na udongo. Leo tunajua sehemu ya udongo huo ni kishikio. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba vifuko vidogo vinavyorushwa na seli za saratani hubeba integrini, na aina ya integrini ndiyo inayovielekeza: alfa 6 na beta 4 kwenye pafu, alfa V na beta 5 kwenye ini. Vinatangulia kuandaa mahali kabla seli yenyewe haijafika.

Je, kisu kinasambaza saratani?

Hili ndilo swali nililoahidi kulijibu. Nalisikia huku na huko: kansa ikiguswa na kisu inakasirika, inatawanyika. Kwa imani hiyo mama anaficha uvimbe mwaka mzima, anatumia majani na dawa za kupaka, anakuja ukiwa umeshapasuka na kunuka. Kisha anapasuliwa, anafariki, na kijiji kinapata ushahidi wake.

Msilicheke swali hilo, kwa sababu halikutoka hewani. Ni kweli kwamba sindano au kisu kinaweza kulegeza seli kadhaa zikaingia kwenye damu. Kinachosahaulika ni hatima yake. Mwaka 1970 Isaiah Fidler aliwadunga panya seli za saratani zilizotiwa alama ya mnunurisho ili aweze kuzihesabu. Baada ya saa 24, zilizokuwa hai hazikufika moja kati ya elfu, na zilizoota kuwa uvimbe hazikufika moja kati ya elfu kumi. Seli iliyobanduliwa ghafla haijajiandaa: integrini zake hazina pa kushika, anoikisi inaimaliza, msukumo wa damu unaipasua, kinga inaila. Zaidi ya hapo, uvimbe mkubwa ulioachwa unamwaga seli kwenye damu kila siku bila kuguswa na mtu, tena zikiwemo zilizokwisha kubadili mishiko yake. Mwaka mmoja wa kusubiri unahatarisha zaidi kuliko sindano moja.

Mpeni ndugu wa mgonjwa maelezo hayo kwa lugha ya nyumbani, Kihangaza, Kishubi au Kisubi, msimtupie neno "si kweli" na kugeuka. Na muwe wakweli kuhusu sehemu chache ambako tahadhari inahitajika hasa. Jicho la mtoto lenye mng'ao mweupe halichomwi sindano. Korodani yenye uvimbe haichukuliwi kinyama kupitia kwenye pumbu. Wagonjwa hao wapewe rufaa wakiwa wazima.

Mlango wa kizazi

Kwa makadirio ya kimataifa ya 2020, Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani ya mlango wa kizazi zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka. Chanzo chake ni virusi vya papiloma, jambo lililompatia Harald zur Hausen Tuzo ya Nobel mwaka 2008, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, zinahusika na takriban asilimia 70 ya wagonjwa.

Maambukizi yenyewe huanza na kishikio. Kirusi hiki hakishiki seli ya juu iliyo nzima. Kinasubiri mchubuko mdogo unaofunua utando wa msingi, kinanasa hapo kwenye sukari za heparani, kisha kinahamia kwenye seli ya chini. Kikishakaa ndani, protini yake E6 inavunja protini zinazoifahamisha seli upande wa juu na wa chini, na kiasi cha E-kadherini kinapungua. Kupungua huko kuna hasara ya pili. Seli za Langerhans, ambazo ni walinzi wa tabaka hili, hutumia E-kadherini hiyohiyo kubaki mahali pao. Ikipungua, walinzi nao wanaondoka. Ni mbinu ya kujificha inayokaribiana na ile ya Burkitt, ingawa saratani hizi mbili hazina undugu mwingine.

Lakini muda tunao, tena mwingi. Tangu seli zibadilike hadi zitoboe utando wa msingi, kwa mwanamke mwenye kinga ya kawaida inaweza kuchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila dawa, miaka 5 hadi 10. Tofauti hiyo isipite hivihivi katika mkoa ambako wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa, Hospitali ya Ndolage, mwaka 1983. Mama wa kliniki ya VVU (CTC) anayefika kila mara kuchukua dawa na haulizwi alipimwa lini mlango wa kizazi ni nafasi inayopotea mbele ya macho yetu.

Muuguzi anapopaka siki na kuona doa jeupe lenye kingo zinazoonekana vizuri, anachotazama ni seli zilizosongamana ambazo bado hazijatoboa utando wa msingi. Hazina njia ya kufika kwenye damu wala limfu, kwa kuwa tabaka hilo halina mishipa. Ndiyo sababu tiba mgando au ya joto, dakika chache, mama akiwa macho, inatosha. Utando ukishatobolewa, hata kwa milimita chache, dakika hizo chache zinageuka kuwa safari ya Hospitali ya Bugando au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, kwa upasuaji au wiki kadhaa za mionzi. Nawakumbusha tu kwamba kwa mama aliyekoma hedhi ule mpaka wa seli umepanda ndani ya mfereji, siki haiufikii. Doa lisipoonekana kwake msiandike kwamba yu salama. Kuhusu chanjo sina la kuongeza: ilianza nchini Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 inatolewa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Inakizuia kirusi kabla hakijashika.

Titi, na chupa ya kinyama

Saratani nyingi za titi huanzia kwenye mirija, na seli zake hubaki na E-kadherini kiasi. Hushikana, zikajenga bonge, na bonge vidole vinalikuta. Ila asilimia 10 hadi 15 ya saratani za titi duniani ni za vitundu, ambazo kwa kawaida zimepoteza E-kadherini kabisa, mara nyingi kwa kuharibika kwa jini lake, CDH1. Seli zake hazijengi bonge. Hupenya kwenye nyama moja nyuma ya nyingine kwa mstari mwembamba. Mama anakuja akisema titi limekuwa gumu, au limenyanyuka, au si sawa na mwenzake, nanyi mnapapasa hamkuti kitu cha kushika. Hata picha ya mamogramu inaweza isiione saratani hiyo. Mama huyo asirudishwe nyumbani kwa sababu hamkukuta uvimbe.

Uvimbe unapokuwepo, vidole vyenu vinasoma mshikamano kabla ya maabara yoyote. Unaoteleza chini ya vidole bado uko ndani ya mipaka yake. Uliogota kifuani umeshashika msuli. Ngozi iliyofanya vishimo kama ganda la chungwa inaonyesha mishipa ya limfu imeziba. Kwapani msiandike "tezi zipo" mkaishia hapo. Andikeni kama kila tezi inatembea peke yake au zimegandana, kwa sababu tezi zilizogandana zina maana kwamba saratani imeshatoka nje ya ganda la tezi ikashika jirani, na hatua ya ugonjwa inapanda.

Sasa chupa. Kinyama cha kutoka huku hupita Lusahunga na Geita hadi Mwanza. Tangu Juni 2025, Daraja la J. P. Magufuli lilipofunguliwa kati ya Kigongo na Busisi, hakuna tena kusubiri kivuko, lakini daraja haliokoi kinyama kilichoharibika kabla ya kupanda basi. Nimepokea vinyama, nisiseme kutoka wapi, vikiwa vimekauka kwenye glovu, vikielea kwenye maji ya chumvi, na kimoja kilichosukumizwa kwenye chupa yenye mdomo mwembamba kikiwa laini. Fomalini ilikikaza kikawa kigumu, ikabidi chupa ivunjwe. Protini za mshikamano ziko kwenye utando wa seli, pembezoni, na uozo huziharibu. Tukipaka kingamwili ya kutafuta E-kadherini kwenye kinyama kilichooza hatupati rangi, na tukikosa rangi tunaweza kudhani ni saratani ya vitundu kumbe ni saratani ya uzembe.

Fomalini ya dukani huwa na formaldehaidi asilimia 37 hadi 40. Sehemu moja ya hiyo kwa sehemu tisa za maji, pamoja na chumvi zake za kusawazisha asidi, inatoa ile iitwayo fomalini ya asilimia 10, yaani sehemu moja ya fomalini ya dukani kati ya kumi, ndiyo inayotakiwa. Iwe mara kumi ya ukubwa wa kinyama, kwenye chombo chenye mdomo mpana. Titi zima likatwe vipande vya unene wa sentimita moja hivi ili dawa ipenye, na liingie ndani ya saa moja tangu litoke mwilini. Kwa vipimo vya vipokezi vya homoni, kinyama kikae kwenye fomalini si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Kilichochukuliwa Ijumaa na kusubiri gari la Jumatano kimeshapita muda.

Dawa ziko wapi?

Mtauliza kwa nini hakuna dawa ya kuzuia vishikio hivi. Ilijaribiwa. Silenjitaidi, iliyotengenezwa kuziba integrini, ilifanya vizuri kwenye majaribio ya awali, kisha mwaka 2014 jaribio kubwa la wagonjwa wa saratani ya ubongo likaonyesha haikuwarefushia maisha. Kwa maoni yangu kushindwa huko kunafuata moja kwa moja kutoka kwenye yale niliyoyaeleza: seli inayobadili mishiko, ukiifunga mkono mmoja inatumia mwingine. Zaidi ya hayo, mgonjwa anapofika kwetu mara nyingi seli zimeshahama, na dawa ya kuzuia kuhama haina tena la kuzuia. Kuziba integrini kumefaulu kwenye magonjwa mengine. Natalizumabu, kwa mfano, huzuia chembe nyeupe kuingia kwenye ubongo wa wenye maradhi ya kuharibika kwa ala za neva. Kwenye saratani bado.

Kwa hiyo kwa hospitali zetu faida ya elimu hii haiko kwenye kichupa cha dawa, iko kwenye fomu ya maombi ya kipimo, ambayo wengi huijaza kwa neno moja: "uvimbe". Naomba kuanzia sasa iandikwe umeanza lini na umekua kwa kasi gani, unateleza au umegota, ngozi ya juu ikoje, tezi ngapi na kama zimegandana, hali ya VVU kama mgonjwa ameridhia, kinyama kimetoka upande gani na sehemu gani hasa, saa kilipotoka mwilini na saa kilipoingia kwenye fomalini. Chini kabisa iwekwe namba ya simu ya ndugu anayepatikana, na ijaribiwe hapohapo kwa kupigwa. Mgonjwa wa Kabanga au Nyakahura akishapanda basi kurudi nyumbani, majibu yakitoka baada ya wiki tatu hatuna njia nyingine ya kumpata.